Wake, mahawara na watoto wa kabaila wa Zama za Kati: namna ya kuipanga nasaba isichanganyike

Ukiulizwa kabaila fulani wa Ulaya ya Zama za Kati alikuwa na watoto wangapi, kabla ya kutaja idadi uliza kwanza: kwa mama yupi? Anayeanza na hesabu ya jumla huishia na orodha ndefu ya majina yanayojirudia, na hawezi kueleza kwa nini mtoto mmoja alirithi majumba ishirini na ndugu yake akapewa uaskofu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipanga familia ya aina hiyo hatua kwa hatua. Mfano tutakaoutumia mwanzo hadi mwisho ni John wa Gaunt, dyuki (cheo cha juu kabisa cha ukabaila) wa Lancaster, Uingereza, aliyezaliwa Machi 1340 mjini Gent, Ubelgiji ya leo (ndiko lilikotoka hilo jina Gaunt) na kufariki tarehe 3 Februari 1399 huko Leicester.

John anafaa kwa sababu ana kila aina ya tatizo. Alikuwa na wake watatu, na mahawara wawili tunaowajua kwa majina, mmoja wao akiwa ndiye aliyekuja kuwa mke wa tatu. Ana watoto wa ndoa, wa nje ya ndoa, na wengine waliozaliwa nje kisha wakahalalishwa. Tangu 1399 hakuna aliyetawala Uingereza kwa haki ya kuzaliwa asiyetokana na mtu huyu, kwa hiyo kosa dogo kwenye safu yake moja linaharibu karne nyingi zinazofuata.

Kuandaa karatasi

Chukua karatasi pana na uigawe kwa safu, safu moja kwa kila mwanamke. Kwa John ni safu nne: Blanche wa Lancaster, Constance wa Castile (ufalme uliokuwa katika Hispania ya leo), Katherine Swynford, Marie de St Hilaire. Wake na mahawara usiwaweke kwenye karatasi tofauti, maana Katherine atakulazimisha kumhamisha, na hapo ndipo watoto wake hupotea njiani. Juu ya kila safu andika mwaka uhusiano ulipoanza, ulipokoma, na nini kilikomesha: kifo, kutengana, au ndoa.

Kando ya karatasi uwe na kadi, moja kwa kila dai. Kadi iwe na mambo matano: tukio, tarehe kama ilivyoandikwa kwenye hati, tarehe hiyo kwa hesabu yetu, nani aliandika, na kwa nini aliandika. Watu hulipuuza hilo la tano, ilhali ndilo lenye kazi kubwa. Karani wa karne ya 14 hakuandika kwamba mtoto amezaliwa ili sisi tujue. Aliandika kwamba fedha zimetoka.

Fuata mali kwanza

Ulaya wakati ule haikuwa na daftari la vizazi. Vitabu vya ubatizo vya parokia za Uingereza vinaanza 1538, zaidi ya karne nzima baada ya John kufa. Ndoa, hawara na mtoto vinaonekana pale tu ardhi, fedha au divai inapohama mkono. Basi usianze kwa kutafuta tarehe ya kuzaliwa. Anza kwa kuuliza nani alipewa nini, lini, na kwa haki ipi.

Kwa Uingereza kuna haki tatu ambazo lazima uzielewe kabla hujagusa nasaba yoyote. Ya kwanza ni fungu la mjane: mume akifa, mke anashika theluthi moja ya ardhi zake maisha yake yote. Ya pili ni ardhi waliyoandikiwa mume na mke kwa pamoja wakati wa kuoana, ambayo anayebaki hai huendelea kuishika yote. Ya tatu huwapiga chenga wengi: mke mwenye ardhi yake akifa, mume hubaki nazo zote hadi naye afe, mradi tu walizaa mtoto aliyezaliwa hai. Mtoto huyo akifa baada ya saa moja, haki ya baba haipotei. Lakini mume ni mshikaji tu. Mrithi ni mtoto wa yule mke.

Itazame haki hiyo ya tatu ikifanya kazi. John alimwoa Blanche tarehe 19 Mei 1359 katika abasia ya Reading. Baba yake Blanche, Henry wa Grosmont, alikufa Machi 1361 bila mtoto wa kiume, na mali ikagawanywa kati ya mabinti wawili. Mwaka 1362 dada mkubwa, Maud, alifariki bila mtoto, na mali yote ikamwangukia Blanche. Novemba mwaka huohuo John akapewa cheo cha dyuki. Blanche alikufa 1368, na John akaendelea kula matunda ya mali ile kwa zaidi ya miaka 30, akiwa na mke wa pili, kisha wa tatu. Hata hivyo mtoto wa Constance hakuwa na haki ya hata mti mmoja katika ardhi za Lancaster, wala watoto wa Katherine. Zilikuwa za Henry, mwana wa Blanche. Ndiyo maana mfalme Richard II alipozizuia mwaka 1399, Henry alirudi kutoka uhamishoni akidai urithi wake, na mwisho wake akatwaa na taji lenyewe akawa Henry IV.

Kwa hiyo kwenye kila safu, chini ya jina la mama, andika mali iliyoingia kupitia yeye. Kwa Blanche ni Lancaster. Kwa Constance ni dai la kiti cha enzi cha Castile. Kwa Katherine na Marie, hakuna. Ukimaliza hapo utaona mwenyewe kwa nini John alilazimika kuwatafutia watoto wa Katherine vyeo, ndoa na kanisa.

Tarehe: mahali panapoharibika zaidi

Hati za Uingereza huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme. Edward III, baba yake John, alianza kuhesabiwa tarehe 25 Januari 1327. Kupata mwaka wetu, chukua namba ya mwaka wa utawala ujumlishe 1326. Huo ndio mwaka ulioanzia tarehe 25 Januari. Mwaka wa 42 wa Edward III, basi, unaanza 25 Januari 1368 na kuishia 24 Januari 1369. Tukio la siku kumi za mwanzo za Januari katika mwaka huo wa 42 ni la 1369, si 1368. Usijumlishe tu ukaondoka.

Halafu kuna mwaka wa kanisa. Waandishi wengi wa Uingereza walibadili mwaka tarehe 25 Machi, sikukuu ya Malaika kumpasha Maria habari. John alikufa Februari 1399 kwa hesabu yetu, lakini kwa hesabu yao bado ilikuwa 1398. Ukikuta vitabu viwili vimepishana mwaka mmoja na tukio ni kati ya Januari na Machi, huenda vyote viko sahihi. Ufaransa mwaka ulianza Pasaka, sikukuu inayohama, na hilo linaleta vurugu zaidi. Castile ilitumia hesabu iliyo mbele kwa miaka 38 hadi 1383: Pedro I, baba yake Constance, aliuawa Machi 1369, na hati za huko zinasema 1407. Ureno iliendelea na hesabu hiyo hadi 1422, kwa hiyo ukimfuata Philippa, binti wa John aliyeolewa na mfalme João I mwaka 1387, toa 38 kila mara.

Kifo cha Blanche ni mfano mzuri wa kosa lililodumu. Vitabu vingi vya zamani vinasema alikufa Septemba 1369. Si kweli, ni tarehe 12 Septemba 1368. Kilicholivunja kosa hilo ni barua ya Desemba 1368 inayohusu mpango wa kumwoza John binti wa mtawala wa Flanders. Mtu hatafutiwi mke wa pili na mkewe wa kwanza yu hai. Mbinu ni hiyohiyo kila mahali: tarehe ya kifo ikipingana na mazungumzo ya ndoa, amini mazungumzo.

Tarehe ya malipo nayo si tarehe ya tukio. Juni 1372 John aliagiza mkunga kutoka Leicester apelekwe haraka kwa Constance kule Hertford. Machi 1373 hazina ya mfalme ilimlipa Katherine Swynford marki 20 kwa kuleta habari kwamba Constance amejifungua binti. Mtoto alizaliwa lini? Kadi mbili hizo zinakupa mpaka wa chini na mpaka wa juu, basi. Andika "1372 au mwanzoni mwa 1373" ukaishie hapo. Hazina za wafalme zilichelewa kulipa kwa miezi, kama mwajiri yeyote. (Marki si sarafu, ni kipimo cha hesabu, sawa na shilingi 13 na peni 4, yaani theluthi mbili za pauni. Marki 20 ni pauni 13, shilingi 6 na peni 8.)

Msaada mwingine ni sherehe ya mama kutoka uzazini, iliyofanyika kanisani takribani siku 40 baada ya kujifungua. Hesabu za nyumba za makabaila huonyesha chakula na nguo za siku hiyo. Rudi nyuma siku 40 na umekaribia siku ya kuzaliwa.

Umri unaotajwa kwenye uchunguzi wa baada ya kifo, yaani kile kikao kilichoitishwa mwenye ardhi ya mfalme alipofariki, utumie kwa tahadhari. "Ana miaka 21 na zaidi" maana yake ni kwamba ameshafika utu uzima. Anaweza kuwa na 21 au 40. Vilevile ushahidi wa wazee 12 kuthibitisha umri wa mrithi: mmoja anakumbuka kwa sababu siku ile alivunjika mguu, mwingine kwa sababu nyumba yake iliungua. Ukisoma vikao vitano utakuta mguu uleule umevunjika mara tano. Makarani walinakili.

Ndoa: hesabu vizuizi kabla ya kuhesabu sherehe

Tangu Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa nne wa Laterano, 1215, Kanisa lilikataza ndoa ndani ya digrii nne za udugu. Kuhesabu: panda kutoka kwa bwana harusi hadi kwa babu wa pamoja, hatua moja kwa kila kizazi, kisha panda kutoka kwa bibi harusi. Upande ulio mrefu ndio digrii. Kwa John: Edward III, Edward II, Edward I, Henry III, hatua nne. Kwa Blanche: Henry wa Grosmont, Henry eli wa Lancaster (eli ni cheo cha chini ya dyuki), Edmund, Henry III, nne vilevile. Digrii ya nne imo ndani ya katazo, kwa hiyo walihitaji kibali cha Papa, na walikipata. Usijumlishe pande mbili ukapata nane. Hiyo ni hesabu ya sheria ya Kirumi, na itakufanya uamini kwamba kibali hakikuhitajika.

Hati ya kibali ni hazina kwako, kwa sababu inataja udugu ambao hakuna mwingine aliyeuandika. Mwombaji alikuwa na sababu nzito ya kusema kweli: akificha kizuizi, kibali kinabatilika, na watoto wake wote wanakuwa hatarini. Likumbuke hili tukifika kwa Katherine.

Ndoa ya John na Constance ilifungwa Septemba 1371 huko Roquefort, Gascony, kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo. Ilikuwa ndoa ya siasa tupu. Alimchukua binti wa mfalme aliyeuawa ili ajiite mfalme wa Castile, na alijiita hivyo kwa miaka mingi bila kuishika nchi. Kwa makubaliano ya Bayonne, 1388, aliachia dai kwa faranga za dhahabu 600,000 na malipo ya faranga 40,000 kila mwaka, na binti yao Catalina akaolewa na Enrique III wa baadaye. Mtoto mwingine, John, alizaliwa Gent 1374 akafa mchanga. Constance mwenyewe alikufa Machi 1394.

Ndoa za watoto zina mtego wake. Kisheria msichana alihesabiwa amefika umri wa ndoa akiwa na miaka 12, mvulana 14. Kabla ya hapo ahadi ingeweza kutolewa kuanzia miaka 7, lakini aliyekuwa mdogo angeweza kuikataa akikua. Elizabeth, binti wa Blanche, aliozwa mwaka 1380 kwa John Hastings, mvulana wa miaka minane hivi, naye akiwa karibu na 17. Yaliyofuata hayashangazi. Alipata mimba ya John Holland, ndoa ile ya utotoni ikavunjwa kwa urahisi, na mwaka 1386 akaolewa na Holland. Kwenye karatasi, ndoa ya aina hii iandike, lakini kwa mstari wa nukta. Si talaka wala ujane.

Mahawara: neno, na alama wanazoacha

Neno lenyewe lina uzito. Hawara au kimada linafaa. Suria halifai kabisa, hasa kwa msomaji wa pwani. Mtoto wa suria kwa sheria ya Kiislamu ni halali na anarithi. Majid na Barghash wa Zanzibar walikuwa wana wa masuria na walitawala bila hilo kuwazuia. Mtoto wa hawara Uingereza ya karne ya 14 alikuwa, kwa lugha ya wanasheria wao, mwana wa hakuna mtu. Hakurithi baba wala mama. Ukiandika suria umeshabadilisha sheria ya urithi bila kujua.

Marie de St Hilaire tuna kidogo cha kusema juu yake. Alikuwa bibi kutoka Hainault (eneo la Ubelgiji na Ufaransa za leo) katika nyumba ya malkia Philippa, mama yake John, na binti yao Blanche alizaliwa karibu na wakati John anaoa mara ya kwanza. Blanche huyo aliolewa 1381 na naiti (askari wa farasi mwenye cheo) Thomas Morieux. Mtoto wa nje aliyeozwa na baba yake kwa heshima ni mtoto aliyekubaliwa. Hiyo ndiyo dalili yako, maana cheti hakipo.

Katherine ana alama nyingi zaidi. Alikuwa binti wa Paon de Roet, naiti wa Hainault. Dada yake Philippa aliolewa na mshairi Geoffrey Chaucer. Yeye mwenyewe aliolewa na naiti Hugh Swynford wa Kettlethorpe, jimbo la Lincoln, na akawa mlezi wa mabinti wa John. Hugh alikufa Novemba 1371. Kutoka 1372 rejista ya John, yaani daftari la amri na malipo yake, inaanza kumtaja kwa zawadi za fedha. 1377 akapewa miliki za Gringley na Wheatley. Na hesabu za meya wa Leicester zinaonyesha mji ukimpelekea zawadi. Mji haumpelekei zawadi mlezi wa watoto. Hiyo ni kadi yenye nguvu kuliko masengenyo ya watawa kumi.

Lakini rejista za John zilizobaki ni za 1372 hadi 1376 na 1379 hadi 1383. Katikati pana shimo la miaka mitatu, na mwanzoni hakuna kitu. Ukiona jina la Katherine linaanza 1372 usihitimishe kwamba uhusiano ulianza 1372. Daftari ndilo lililoanza hapo. Kila unapotumia chanzo cha namna hii, chora kwanza mipaka yake kwenye karatasi kwa rangi nyepesi.

Kuachana kwao pia kuna hati. Juni 1381 wakulima walioasi walichoma jumba la John la Savoy, na John akatangaza kumwacha Katherine. Februari 1382 ikaandikwa hati ya kuachiana madai yote. Hapo anaitwa kwa Kilatini magistra wa mabinti Philippa na Elizabeth. Maana yake ni mlezi na mwalimu, usiligeuze likawa hawara. Hati kama hii husomwa kama mwisho wa mapenzi, ila kwa mwanasheria ilikuwa ngao: inamhakikishia Katherine kwamba warithi wa John hawatakuja kumnyang'anya alichopewa. Zawadi zenyewe hazikurudishwa.

Watoto wa Katherine na karatasi tatu

Walikuwa wanne: John, Henry, Thomas na Joan, waliozaliwa kati ya mwanzo wa miaka ya 1370 na mwisho wake. Waliitwa Beaufort, jina la miliki ya Champagne, Ufaransa, ambayo John alikwisha kuipoteza. Jina hilo lilichaguliwa vizuri: kwa kuwa miliki haipo tena mikononi, hakuna mwana wa halali anayeweza kuhofia kwamba inadaiwa. Thomas na Blanche Swynford ni watoto wa Hugh. Wasiingie kwenye safu ya John.

John alimwoa Katherine Januari 1396 katika Lincoln. Vizuizi viwili vilikuwepo: uzinzi wakati Constance yu hai, na udugu wa kiroho, kwa kuwa John alikuwa baba wa ubatizo wa binti wa Katherine aliyezaa na Hugh. Kwa Kanisa la wakati ule, kumsimamia mtoto ubatizo kulikufanya ndugu wa mama yake, na ndugu haoi ndugu. Ombi lililopelekwa kwa Papa Bonifasi IX lilikiri yote mawili, na hati ya Papa ya Septemba 1396 ikathibitisha ndoa na kuwahalalisha watoto.

Ombi hilo linasema Katherine alikuwa hana mume uhusiano ulipoanza. Mwaka 1485 mfalme Richard III, akimpiga vita Henry Tudor, mzao wa Beaufort, alitangaza kwamba Beaufort wa kwanza alizaliwa katika uzinzi wa pande mbili. Nani aaminiwe? Wa 1396 angepoteza kila kitu kwa kusema uongo. Wa 1485 alikuwa anatafuta silaha, karibu miaka tisini baadaye. Mzani unaelemea 1396, na kuzaliwa kwa John Beaufort kukae baada ya Novemba 1371.

Kwa nini hati ya Papa haikutosha? Sheria ya Kanisa ilikubali kwamba ndoa ya baadaye huwahalalisha watoto waliotangulia, isipokuwa wa uzinzi, ambao ni lazima Papa aingilie. Sheria ya Uingereza ilikataa jambo lote: mwaka 1236, huko Merton, mabwana walisema hawataki kuzibadili sheria za nchi yao. Kwa ardhi na vyeo ilihitajika sauti ya mfalme. Hati ya Richard II ya Februari 1397, iliyosomwa Bungeni, ndiyo iliyowapa haki ya kushika cheo chochote. Siku hizohizo John Beaufort akawa eli wa Somerset. Henry akapata uaskofu wa Lincoln 1398, na hatimaye kofia ya kardinali. Thomas akawa dyuki wa Exeter 1416. Joan, mke wa Ralph Neville, ni bibi wa Edward IV na Richard III. Ndiyo, Richard yuleyule wa 1485.

Karatasi ya tatu ni ya 1407. Henry IV, kaka yao kwa baba, alipothibitisha hati ya 1397, maneno ya Kilatini excepta dignitate regali yaliingizwa, yaani "isipokuwa cheo cha kifalme". Vitabu vingi huyarudisha nyuma hadi 1397. Hayakuwemo katika maandishi yaliyopita Bungeni. Kama kubadili kwa hati ya mfalme peke yake jambo lililopita Bungeni kulikuwa na nguvu ya kisheria ni mjadala wa wanasheria, na kwa Henry VII (yule Henry Tudor), mjukuu wa mwana wa John Beaufort kupitia mama yake Margaret, ulikuwa mjadala wa maana sana. Kwenye kadi andika hati mbili kwa miaka yake, usiziunganishe.

Majina yanayogongana

Sasa pitia karatasi yote ukitafuta majina yanayofanana. Utakuta Blanche watatu: mke, binti wa Marie, na Blanche Swynford. Katherine wawili, hawara na Catalina binti wa Constance. Wana wanaoitwa John wapo kwenye safu tatu, wengine walikufa wakiwa wachanga. Philippa ni mama, binti, na shemeji. Watoto walipewa majina ya wasimamizi wa ubatizo, kwa hiyo jina haliwi ushahidi wa baba. Mpe kila mtu namba yenye herufi ya mama: B1, B2, C1, K1, M1. Usiandike jina tupu mahali popote.

Waliokufa wachanga wahesabu pia. John mwenyewe huitwa mwana wa tatu katika vitabu vingine na wa nne katika vingine. Alikuwa wa nne kuzaliwa na wa tatu kubaki hai, kwani William wa Hatfield alikufa 1337. Kwa Blanche, waliofika utu uzima ni Philippa, Elizabeth na Henry tu. Weka hao kwa wino na waliobaki kwa kalamu ya risasi.

Kagua na maneno ya udugu. Nepos ya Kilatini ni mpwa au mjukuu. Frater ni kaka wa tumbo moja, kaka wa baba tu, au shemeji. Neno la "binamu" kwenye barua za wafalme ni adabu tu. Lisikupe mstari kwenye mti wa ukoo.

Ngao nazo husaidia. Kabla ya 1397 Beaufort walibeba ngao yenye alama za kifalme ndani ya mshazari tu. Baada ya hapo walibeba ngao kamili ya kifalme yenye ukingo wa vipande vya fedha na buluu. Ukikuta muhuri usio na tarehe, mshazari au ukingo utakuambia uko upande gani wa 1397. Makaburi hayatakusaidia sana. John alizikwa kando ya Blanche katika kanisa la St Paul la London, lililoungua 1666. Constance alizikwa Leicester, katika kanisa ambalo halipo tena. Katherine, aliyekufa Mei 1403, bado yuko Lincoln pamoja na binti yake Joan, ila makaburi yao yaliharibiwa wakati wa vita vya karne ya 17, na ngao zilizokuwa juu yake hazipo.